Nimeipandisha Explorer 1016 Hadi Morningside

Nimeivaa! Rolex Explorer 1016 yenyewe, siyo picha: kasha la chuma la milimita 36, uso mweusi, tarakimu 3, 6 na 9, na ule mshale mfupi wenye kiduara kilichogawanywa mara tatu. Nimepanda nayo kutoka mjini Morogoro mpaka Morningside na sikuivua hata nilipokuwa nanawa uso. Viatu bado vina udongo wa Uluguru nami nimeshakaa kuandika, maana jambo hili siwezi kulilaza hadi kesho.

Saa ni ya rafiki yangu wa Maskati. Wazee wake walitoka Unguja wakaenda kuishi Oman, na Kiswahili chake mpaka leo kina ladha ya Mji Mkongwe. Ana wakwe zake hapa Morogoro, na kila akija kuwasalimia hubeba kimkoba cha ngozi ambacho mimi hukisubiri kuliko halua anayotuletea. Safari hii kimkoba kilikuwa na saa nne, zote za chuma, zote za michezo, zote za zamani: Explorer 1016, GMT-Master 1675, Submariner 5513 na Omega Speedmaster. Alitandika leso mezani, akazipanga moja moja, akarudi nyuma kama hatua mbili.

"Haya sheikh, anza na unayoitaka."

Mtu yeyote anayefuatilia saa za aina hii anazijua kwa namba kabla hajazigusa. 36, 40, 40, 42. Tumezoea kuzisoma namba hizo kama saizi za viatu, tukiamini kwamba anayevaa 40 basi 42 itampwaya na 36 itambana. Mimi nilikuwa nimeazima kalipa kwa fundi saa wa mjini ili nipime mwenyewe, na nawaambieni, dakika chache za kupima vile vyuma vinne zimenifundisha kuliko yote niliyoyasoma. Kipenyo kinaeleza kidogo sana. Kipimo cha kuulizia ni kutoka ncha ya pembe ya juu hadi ncha ya pembe ya chini, zile pembe nne zinazoshika mkanda. Hicho ndicho kinachoamua kama saa italala mkononi au itakaa juu ya mkono.

Angalieni. Speedmaster ina karibu milimita 42 na Submariner ina 40. Kwa kipenyo, Omega ni kubwa, hakuna ubishi. Lakini pembe hadi pembe zote mbili zinacheza kwenye 47 na 48! Zile milimita mbili zilizozidi kwa Omega nyingi zake ziko ubavuni, upande wa kulia, mahali kasha lilipovimba kulinda kitufe cha kujazia na vile vibonyezo viwili vya kronografu. Ukiivaa, mkono hauoni tofauti. Halafu chukua Explorer: pembe hadi pembe ni 43 na ushei tu. Mkono wangu una mzunguko wa sentimita 16 na nusu, mkono wa kawaida kabisa, na Explorer inakaa katikati yake ikiacha ngozi juu na chini, pembe zimeinama zikafuata umbo la mfupa. Submariner inafika karibu ukingoni. Inapendeza, naipenda, lakini inajitangaza kabla yangu.

Na hapa ndipo nilipopiga kelele mpaka wakwe wa watu wakachungulia: uso wa Submariner haupiti sana uso wa Explorer! Ziweke ubavu kwa ubavu utaona. Ukubwa ulioongezeka karibu wote ni bezeli, ile pete inayozunguka kioo. Explorer haina pete ya kuzungusha, ina ukingo mwembamba wa chuma kilichong'arishwa, basi uso unajaa mpaka pembeni na jicho linaiona kubwa kuliko kalipa inavyosema. Nyembamba ya pete, kubwa ya uso, fupi ya pembe. Ndiyo maana 36 ile inasomeka kutoka mbali bila kuhangaisha mkono.

Sasa nije kwenye mwaka 1953, maana bila mwaka huo mtu hawezi kuelewa kwa nini kuishika saa hii hapa Morogoro kumenitoa jasho.

Mwaka huo ndio saa ya michezo ya kisasa ilipozaliwa. Blancpain walitoa Fifty Fathoms kwa ajili ya wapiga mbizi. Rolex walikuwa wanatengeneza Submariner, ambayo mwaka uliofuata ilionyeshwa kwenye maonyesho ya saa ya Basel. Na tarehe 29 Mei, Tenzing Norgay na Edmund Hillary walisimama juu ya kilele cha Everest, katika msafara uliopewa saa na Rolex na pia na Smiths wa Uingereza. Kutokana na msafara ule Rolex wakaibeba sifa ya mlima na kuipa saa jina la Explorer. 1016 ni mjukuu wa ukoo huo, ilianza kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na haikuachwa mpaka 1989, sura ile ile karibu bila kuguswa.

Lakini wiki hiyo hiyo! Kuanzia tarehe 27 Mei hadi 1 Juni 1953, Afrika Mashariki ilikuwa na mashindano yake ya kwanza ya Coronation Safari, yale yaliyokuja kuwa Safari Rally, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Magari hayakuanzia mahali pamoja. Yalitoka miji tofauti, na mmoja wa miji hiyo ulikuwa Morogoro. Morogoro yetu, chini ya milima hii hii! Wakati Tenzing na Hillary wanapanda theluji, madereva walikuwa wanapambana na matope ya masika, na mashindano ya aina ile yanahesabiwa kwa dakika: umefika kituoni lini, umechelewa kiasi gani. Kwenye saa za michezo watu hutaja Monte Carlo, Daytona na Le Mans. Mimi kuanzia leo naitaja na Morogoro.

Basi tukapanda. Njia ya Morningside inajulikana: unaiacha Boma, unalifuata bonde la mto Morogoro, lami inakwisha, na kuanzia hapo ni mlima na pumzi yako. Mbele yako Bondwa na minara yake ya mawasiliano, kilele chake kikiwa na zaidi ya mita 2,000. Upande wa pili Lupanga. Kimhandu, ambacho ndicho kirefu kuliko vyote Uluguru kwa zaidi ya mita 2,600, kiko mbali kusini na hakionekani kutoka huku. Akina mama wa Kiluguru walikuwa wanateremka na vikapu vya karoti, stroberi na maua, wakitupita kwa mwendo ambao sisi tusingeuweza hata tukishuka. "Shikamoo mama." "Marahaba, pandeni taratibu." Mmoja akauliza saa ngapi. Nikageuza mkono: saa tatu na robo. Akashukuru akaenda zake. Hakuna aliyeitupia saa jicho la pili, na hilo nalihesabu kuwa sifa kubwa. Saa yenye thamani ya maelfu ya dola inatembea njiani kama saa ya mwalimu wa shule.

Mlimani ndipo ukubwa unapojieleza. Unaposhika fimbo, kifundo cha mkono hukunjwa kuelekea nyuma, na saa yenye kitufe kilichotokeza sana au kasha refu hukuchoma nyuma ya kiganja. Rafiki yangu alikuwa amevaa Submariner, na kufika kwenye miinuko mikali akawa anaisogeza juu ya mkono kila baada ya muda. Mimi yangu niliisahau. Niliikumbuka nilipotaka kujua saa. Jasho lilipita chini yake, nikaipangusa kwa upindo wa shati, basi.

Tulipofika Morningside, kwenye ile nyumba ya zamani ya enzi za Wajerumani, tulikaa ukutani na nikaisogeza saa karibu na jicho. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo raha ilipo. Uso wake ni mweusi usio na mng'ao. Zile za mwanzo zilikuwa na weusi wa kung'aa na maandishi ya rangi ya dhahabu, hii ni ya baadaye, maandishi meupe. Chini kabisa, chini ya alama ya dakika ya 30, kuna maandishi madogo kuliko mchanga: SWISS, kisha T na 25. Herufi T ni tritiamu, rangi iliyokuwa inang'aa gizani. Tritiamu hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya miaka 12 na kitu, kwa hiyo usiku saa hii sasa ni kipofu. Lakini mchana! Ile rangi iliyokuwa nyeupe imegeuka, imekuwa ya samli, na imegeuka kwa usawa kwenye alama zote na kwenye mishale yote. Usawa huo ndio wakusanyaji wanaoutafuta kwa tochi. Mishale ikiwa ya rangi moja na uso rangi nyingine, ujue kuna kitu kimebadilishwa njiani.

Kioo ni cha plastiki, kimeinuka kidogo kama kimevuta pumzi, na ukikitazama kwa pembeni alama za dakika zinapinda. Kioo cha yakuti cha siku hizi hakifanyi hivyo. Kina mikwaruzo, naam, na mikwaruzo ya plastiki inaondoka kwa kitambaa na dawa ya meno. Mafundi wetu wamekuwa wakifanya hivyo tangu enzi. Pembe ndizo zilizonifurahisha zaidi. Ni nene, zina ncha, na mstari mwembamba wa chuma kilichokatwa mshazari bado unaonekana kwenye ukingo. Saa nyingi za umri huu zimesuguliwa na mafundi waliotaka zing'ae, zikaishia na pembe nyembamba kama vijiti vya kiberiti, na milimita ikishasuguliwa hairudi. Ukinunua saa ya zamani, tazama pembe kabla hujatazama jina.

Ubaya wake? Cheni ya chuma ya enzi zile ni nyepesi na inalia. Vipande vyake ni chuma kilichokunjwa, vina uwazi ndani. Haina tarehe. Na ingawa ilipotoka kiwandani iliweza kuhimili maji hadi mita 100, saa ya umri huu isipelekwe mtoni bila kupimwa, kwani raba za kuzuia maji huzeeka kama raba nyingine yoyote. Niliiweka mbali na mto Morogoro kwa heshima zote.

Submariner 5513 niliivaa tukiwa tunashuka. Usoni imeandikwa 660 ft = 200 m, na kuivaa saa ya kina kama hicho katika mji kasoro bahari kulinipa furaha ya pekee. Ni saa nzuri mno. Pete yake inafaa hata nchi kavu: unaweka pembetatu kwenye mshale wa dakika unapoanza kupanda, na muda ulioutumia unausoma bila hesabu. Speedmaster sitaielezea kwa kirefu, dunia nzima inajua kwamba ndugu zake walikwenda mwezini mwaka 1969. Niliijaza kwa mkono, nikabonyeza kronografu, nikasikia ule mbonyeo mkavu, nikatabasamu, nikairudisha.

GMT-Master 1675, hiyo haikurudi haraka. Nisikilizeni vizuri.

Saa hii ina mshale wa nne, mwekundu, unaozunguka mara moja kwa saa 24, na pete yenye tarakimu mpaka 24, nusu nyekundu na nusu ya buluu. Rolex waliianzisha katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya marubani wa Pan Am. 1675 ilitoka mwaka 1959, ikatengenezwa hadi 1980. Nusu nyekundu inaanzia 6 hadi 18 na ile ya buluu inachukua usiku. Kule Ulaya mgawanyo huo unakosea miezi mingi ya mwaka, maana jua lao la kiangazi na la baridi halifanani. Hapa kwetu, nyuzi 7 hivi kusini mwa ikweta, jua halichezi mbali na saa kumi na mbili, asubuhi na jioni, mwaka mzima. Mshale unaingia kwenye nyekundu kunapambazuka, unaingia kwenye buluu jua linazama nyuma ya milima. Pete ile imetufaa sisi kuliko waliotengenezewa!

Halafu rafiki yangu akaizungusha robo duara, mpaka pembetatu yake ikaelekea kitufe cha kujazia. "Hebu soma sasa." Nikasoma. Mishale ya kawaida ilikuwa inaonyesha kumi na dakika kidogo, na ule mshale mwekundu ulikuwa umepita kidogo 4 kwenye pete. Saa nne asubuhi! Saa ya Kiswahili, hesabu yetu inayoanza jua likichomoza, imekaa kwenye pete ya saa ya marubani bila kubadilisha hata skrubu moja. Mchana unasoma 1 mpaka 12. Usiku unaendelea 13 mpaka 24. Rangi zinapoteza mpangilio wake ukifanya hivyo, nusu nyekundu inahamia kushoto, lakini nani anajali? Niliirudisha pete, nikaizungusha tena, nikairudisha.

Milimita zake ni 40, pembe hadi pembe kama Submariner, ila kasha lake ni jembamba zaidi na hilo linaokoa mambo. Kwa mkono wangu hiyo ndiyo 40 inayovalika kutwa.

Rafiki yangu ana hadithi za Oman ambazo zingejaza gazeti zima. Baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970, ziliagizwa Rolex za kutolewa zawadi, kupitia duka la Asprey la London, zikiwa na alama ya taifa usoni: jambia na panga mbili. Kulikuwa na Submariner, GMT-Master, Sea-Dweller, hata Daytona, na baadhi zilikwenda kwa askari wa Kiingereza waliopigana Dhofar. Leo alama ile ndogo ya jambia inaweza kuzidisha bei ya saa mara kadhaa, na kwa hiyo feki zake ni nyingi kama kokoto. Yeye hana. Alipokuwa anaisimulia moja aliyowahi kuishika, sauti ilimshuka.

Wapo watakaosema kwamba 36 ni saa ya mwanamke, na maneno hayo nimeyasikia mara nyingi katika maduka. Nawaomba wakumbuke kwamba saa ya Paul Newman, Daytona yake mwenyewe, iliuzwa New York Oktoba 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17, na kipenyo chake ni milimita 37 hivi. Audemars Piguet walipotoa Royal Oak mwaka 1972, milimita 39 zilionekana kubwa kiasi kwamba wakusanyaji wakaipa jina la Jumbo. Ukubwa wa 42 na kuendelea ulikuja kushika kasi baadaye, ikiwamo Royal Oak Offshore ya 1993, na katika miaka ya 2000 watu wakawa wanavaa sahani. Rolex wenyewe waliipandisha Explorer mpaka 39 mwaka 2010. Mwaka 2021 wakairudisha 36! Miaka miwili baadaye wakaongeza ya 40 kwa wanaoitaka, lakini ile 36 ipo, haikuondoka. Kwangu mimi jambo hilo limekwisha.

Jioni tulipita kwa fundi kurudisha kalipa. Aliiweka Explorer sikioni kwanza, kabla ya kuitazama, kama wafanyavyo mafundi wa zamani, na akatikisa kichwa kwa raha. Mashine yake, namba 1570, hupiga mapigo 19,800 kwa saa moja, yaani matano na nusu kila sekunde, polepole kidogo kuliko Seiko 5 zilizojaa kwenye sanduku lake, ambazo nyingi hupiga sita. Nilimuuliza kama anaweza kuifungua tuione ndani. "Hii sina ufunguo wake wa mfuniko," akasema. "Siilazimishi." Rafiki yangu alimpa mkono kwa neno hilo.

Tukiwa pale nilipima zile Seiko 5 za sandukuni. Nyingi ni 36 mpaka 37, za otomatiki, chuma kitupu, pembe fupi zilizoinama. Hebu fikirini! Kipimo kile kile ninachokisifia tangu juu kimelala kwenye droo za baba na babu zetu kote mkoani, kimesimama kwa sababu tu kimekosa kusafishwa na kutiwa mafuta. Kama mna moja nyumbani, pimeni pembe hadi pembe kabla hamjaiuza kwa bei ya chakula cha mchana, na msikubali ing'arishwe.

Rafiki yangu anarudi Maskati wiki hii. Ameahidi kwamba safari ijayo atakuja na Heuer Autavia 2446. Autavia ilianza mwaka 1933 kama saa ya kufungwa kwenye dashibodi za magari na ndege, ikawa kronografu ya mkono mwaka 1962, yenye milimita 39 hivi, na baadhi zina pete ya tarakimu 12. Kumi na mbili! Izungushe nusu duara na mshale wa saa wa kawaida utasoma saa ya Kiswahili moja kwa moja, mchana na usiku, hata mshale wa nne hauhitajiki. Nimemwambia fundi asiiazimishe kalipa kwa mtu mwingine.